Kwa Nje Uko Sawa

Mama yangu ana msemo wake: simu ya mwanamume hailali kifudifudi bure.

Jumatano ile jioni hakuusema. Aliketi mezani, akajipakulia mchuzi, akawa anaitazama tu ile simu iliyolala kifudifudi kando ya sahani ya mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa Majani, mtu wangu, ambaye Jumamosi ya wiki hiyohiyo wazee wake walikuwa waje nyumbani kuniposa. Alikuwa amekwenda kunawa mikono, na maji ya bomba yalisikika yakimwagika.

Simu ikatetemeka. Ikajisogeza, ikafika ukingoni mwa meza, ikadondoka. Nikaidaka kabla haijagusa sakafu, na nilipoidaka ikanigeukia. Sikupekua, naapa. Maneno yalikuwa yamejianika yenyewe kwenye kioo:

*Mwandani: Kwa nje uko sawa. Kwa ndani unaumia.*

"Nani?" mama akauliza.

"Kazini kwake."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mama kwa ajili ya mwanamume, na ulitoka laini kuliko nilivyotegemea. Nikairudisha simu ilivyokuwa, kifudifudi.

Majani akarudi anajifuta mikono. Akaichukua, akasoma. Ningekuwa nadanganya nikisema uso wake haukubadilika. Uling'aa. Ndivyo alivyong'aa siku ya kwanza nilipomkubalia tutembee pamoja hadi kituoni, na mimi nilidhani mng'ao ule ni mali yangu peke yangu.

"Mama, naomba radhi sana," akasema, bado amesimama. "Kuna jambo kazini haliwezi kungoja. Nikichelewa litapita."

"Hata tonge moja?"

"Nitakuja Jumamosi nile na deni la leo, mama."

"Jumamosi utakuja na wazee. Chakula hicho kitakuwa chao." Mama akaifunika sahani ya mgeni. "Haya, nenda. Jambo lako lisije likapita."

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Akanishika vidole, akaviminya kidogo, akaondoka karibu anakimbia. Niliporudi mezani mama alikuwa anakula polepole, macho kwenye sahani.

"Mwanangu," akasema, "kazi gani hiyo inayomwita mtu akacheka?"

Nikaanza kuondoa vyombo. Usiku ule nilikesha na neno moja tu: mwandani. Mtu hamwiti bosi wake mwandani. Hamwiti hivyo mlinzi wa geti. Mwandani ni yule unayemfungulia moyo mpaka chumba cha nyuma.

Nieleze kidogo, nisije nikaonekana mwenye wivu wa kuzaliwa nao. Dada yangu mkubwa aliolewa na mtu wa safari, kila wiki yuko njiani, na kwenye simu ya mume huyo kulikuwa na jina Fundi Bomba. Fundi huyo alipiga asubuhi, akapiga sikukuu, mpaka dada akajiuliza nyumba yao ina mabomba mangapi. Siku alipopokea yeye, upande wa pili ikatoka sauti ya mwanamke inayouliza kama kipenzi chake amekula. Dada alirudi nyumbani na mabegi, na tangu siku hiyo mama aliapa: mtu wa safari na mtu wa simu ya kufunika hawatavuka kizingiti chake tena.

Mama alifundisha Kiswahili sekondari hadi akastaafu, lakini kalamu yake nyekundu haikustaafu. Husahihisha matangazo ya misiba, husahihisha maandishi kwenye makasha ya dawa. Majani alipoletwa mara ya kwanza, mama alimhoji kwa muda mrefu kisha akaniita jikoni na kuninong'oneza: "Sijui moyo wake. Ila sarufi yake ni safi." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa.

Mimi napima macho na kutengeneza miwani. Duka langu ni dogo, lina kiti kimoja cha mteja na ubao wa herufi ukutani. Majani aliingia hapo akilalamika kuwa kompyuta inammaliza macho. Nilimpima, nikamwekea na ile picha ya vidoti vya rangi, nikamuuliza anaona namba gani. Akasema haoni namba, anaona vidoti. Nilimweleza taratibu kwamba hatofautishi nyekundu na kijani, na hakuna dawa. Badala ya kuhuzunika akajipiga paja.

"Kumbe ndiyo maana!" akasema. "Dada, umeniokoa. Mimi ninatengeneza programu ya kompyuta, na picha yake nzima nimeipaka nyekundu na kijani. Wenzangu wanaisoma, mimi mwenyewe siisomi!"

"Ni programu ya nini?"

"Ya kujua mmea unajisikiaje ukipata shida."

Nilidhani ananitania. Alikuwa hatanii. Alikaa kwenye kiti changu mpaka wateja wawili wakakasirika, akinieleza kwamba ndani ya kila jani mna maelfu ya jeni, na mmea ukinyimwa maji au ukipigwa na baridi, jeni nyingine hupaza sauti na nyingine hunyamaza. Mashine huzisikiliza, na programu yake huzipanga mtu azione, azilinganishe, aulize ipi imeanza kulia kabla ya nyingine. "Jani bado linameta," alisema, "lakini ndani kuna kilio." Nikamwambia apake manjano na bluu, hizo ataziona. Alirudi wiki iliyofuata kunishukuru. Akarudi na nyingine. Miwani haikuwa na tatizo lolote. Mimi ndiye niliyempa jina la Majani, naye akaniita Miwani, na tukawa hivyo.

Sasa huyo ndiye mtu aliyekuwa na mwandani.

Alhamisi mchana alikuja dukani, amechoka, macho mekundu.

"Miwani, nipime. Naona herufi zinacheza."

"Hukulala?"

"Nililala kidogo. Kazini palikuwa na shughuli."

"Kaa."

Aliweka simu kwenye meza yangu ya vioo. Kifudifudi, kama kawaida. Akaweka kidevu kwenye kishikizo cha mashine.

"Tazama taa ya kijani," nikasema.

"Ipi ndiyo ya kijani?"

"Hiyo iliyopo. Iko moja tu."

Akacheka na kidevu kikagonga mashine. Siku nyingine ningecheka naye. Niliinama, jicho langu upande huu na lake upande ule, na baina yetu kioo tu. Nimeyapima macho mengi, lakini yale niliyapenda. Yana rangi ya chai iliyokolea, na mstari mwembamba wa njano kuzunguka mboni. Nilikuwa nayatazama nikijiuliza yamemtazama nani jana usiku.

Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena.

"Usisogee," nikamwambia. "Ukisogea tunaanza upya."

Na yeye, maskini, akatulia tuli. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaigeuza simu. Jumbe zilikuwa zimejipanga, za jana na za leo. Nikachukua simu yangu mfukoni mwa koti nikazipiga picha. Nilifanya hivyo na mkono wangu haukutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaigeuza simu yake ilivyokuwa.

"Majani."

"Naam."

"Mwandani ni nani?"

Nilikuwa bado nimeinama kwenye mashine. Mwanga haukubadilika, taa ilikuwa ileile. Lakini mboni yake ilitanuka ghafla mbele ya jicho langu, wazi kabisa. Mdomo unaweza kufundishwa kudanganya, ila mboni haina mwalimu.

"Ni... ni mambo ya kazi," akasema.

"Mambo ya kazi yana jina zuri."

"Miwani, nisikilize." Akaondoa kidevu. Alinyoosha mkono anishike, nikajifanya nafuta lenzi. "Kuna jambo nataka kukueleza. Lakini si leo. Acha Jumamosi ipite."

"Kwa nini Jumamosi ipite?"

"Kwa sababu... kwa sababu baada ya hapo itakuwa rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

Alivaa miwani yake, akachukua simu, akaisoma akiwa amenipa mgongo. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Macho yako ni mazima," nikamwambia. "Kalale."

Akatoka. Nilibaki na kile kiti kimoja na ubao wa herufi. Nilitaka kulia lakini mteja akaingia, nikampima.

Jioni sikuvumilia. Mama alikuwa sebuleni anasoma gazeti, kalamu mkononi. Nikamwekea simu yangu mbele.

"Soma, mama. Halafu uniambie Jumamosi tuwafungulie mlango au tusiwafungulie."

Akaitazama ile picha, akaitazama sura yangu. Hakuniuliza nimeipataje. Alivaa miwani niliyomtengenezea mwenyewe akasoma kwa sauti, sauti ya darasani.

"'Kwa nje uko sawa. Kwa ndani unaumia.' Mh. 'Umezoea shida.' Shida gani? Shida ni wewe, au ni mimi? 'Unahitaji kupumzishwa leo.' Haya, kumbe anatuchosha, anataka kupumzishwa! 'Umenyimwa sana...'" Akasita. "Amenyimwa nini huyu? Mimi jana nilimwekea mapaja mawili ya kuku!"

"Mama, endelea."

"'Umenyimwa sana, lakini haujalalamika.'" Alishusha simu kana kwamba imemwuma. "Haujalalamika! Haujalalamika! Sikiliza, mwanangu, mtu akuibie mchumba basi, lakini akuibie na sarufi? Ni hujalalamika! Wewe hujalalamika, mimi sijalalamika, yeye hajalalamika. Siku hizi kila mahali ni hauwezi, haujui, haujafika. Redio nzima imeoza. Na huyu mwandani wake ni walewale."

Alikuwa ameshachukua kalamu nyekundu, na nadhani angeandika juu ya kioo cha simu yangu kama nisingemzuia. Nilikuwa nalia na kucheka. Akaendelea na mstari wa mwisho, ule uliofika Majani akiwa na kidevu mashineni:

"'Hujamwambia bado? Jumamosi ni keshokutwa.'"

Mama akarudi juu, akasoma. Akashuka chini, akasoma. Nilimjua, huo ndio uso wake wa kushika watoto walioandikiana majibu.

"Hapa kuna kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Hapa juu ameandika haujalalamika. Hapa chini hujamwambia. Hujamwambia ni sahihi kabisa. Mtu mmoja hawezi kuijua kanuni na kutoijua siku hiyohiyo. Hizi ni karatasi mbili, za watahiniwa wawili."

"Au amekosea mara moja tu."

"Ngoja." Alifumba macho. "Tuseme huyu wa juu hakukosea. Tuseme anaijua sarufi kunishinda. Basi huyo anayezungumziwa si wewe. Si nafsi ya pili. Ni ngeli ya U-I. Mto umejaa, mto haujajaa. Mkono unaumia, mkono hauumii. Ukikubali, vinafanana na mtu: uko, unaumia, umenyimwa. Ukikanusha ndipo vinaachana." Akafumbua macho. "Mwanangu, kitu gani cha ngeli ya U-I kimenyimwa sana na hakijalalamika?"

Nikakumbuka maneno ya Majani dukani. Jani bado linameta, lakini ndani kuna kilio.

"Mmea," nikasema. "Mama, ni mmea! Ni ile programu yake! Mwandani ni programu, inamwambia mmea una hali gani. Umenyimwa maji. Haujalalamika, yaani majani hayajanyauka!"

Nilimkumbatia mama na gazeti lake. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilimwonea wivu mchicha, jamani! Nilikosa usingizi kwa ajili ya kitu kinachomwagiliwa! Nikawa namwambia mama nitamtania Majani mpaka uzeeni, nitawasimulia wajukuu.

Mama hakucheka. Alikuwa bado ameshika simu.

"Na hii?" akauliza.

"Ipi?"

"'Hujamwambia bado?' Hii ni ngeli gani?"

Kicheko kikanikauka.

"Hii haina ngeli, mwanangu," mama akasema kwa upole ambao sikuuzoea. "Hii ni nafsi ya pili umoja. Hapa anaambiwa mtu. Na anayepaswa kuambiwa ni mtu pia."

Ijumaa sikufungua duka. Nilikwenda hadi kazini kwake, mlinzi akaniandikisha, nikaelekezwa nyuma, kwenye chumba cha vioo ambamo wanakuza mimea. Palikuwa na joto na harufu ya udongo uliolowa. Majani alikuwa amekaa mbele ya kompyuta mbili, na kando yake amesimama mwanamke aliyevaa koti jeupe, mvi zimemjaa, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa anamfokea.

"Nilikuambia tangu mwanzo! Nikakuandikia na jana!"

Aliponiona akanyamaza. Akanitazama kutoka juu hadi chini, si kwa ubaya.

"Ni yeye?" akamwuliza Majani.

"Ni yeye, Daktari."

"Afadhali. Mimi nakwenda kunywa chai." Alipopita karibu yangu akanigusa bega. "Binti, mkazie. Anasikia akikaziwa."

Tulibaki wawili. Majani alisimama, akakaa, akasimama.

"Umekuja," akasema.

"Nionyeshe Mwandani."

Alinitazama, akaelewa kwamba najua. Akanivutia kiti. Kwenye kioo palijaa vijumba vidogo vya rangi, safu kwa safu, manjano na bluu. Zilikuwa rangi zangu. Moyo uliniuma kuziona.

"Kila kijumba ni jeni moja," akasema kwa sauti ya chini. "Manjano imepaza sauti. Bluu imenyamaza. Ukiibonyeza moja, inakuonyesha nyingine zinazolia pamoja nayo, na kwenye shida zipi: kiu, chumvi, baridi. Tunakata kipande cha jani, mashine inasoma, programu inafanya hesabu saa nyingi. Ikimaliza inaniletea ujumbe kwa lugha ya kawaida, ili hata mkulima aje aelewe. Jumatano ilimaliza wakati tuko mezani. Ilibidi jani lingine likatwe kabla hali haijabadilika. Ndiyo maana nilikimbia."

"Na jina?"

"Anaona ndani. Nikamwita Mwandani." Akatabasamu kidogo, akaona mimi sitabasamu, akaacha.

Kando ya kompyuta palikuwa na vyungu viwili vya mtama, umri mmoja, urefu mmoja, kijani kimoja. Nikauliza upi ni upi.

"Huu unamwagiliwa kila siku. Huu umenyimwa."

"Sioni tofauti."

"Hakuna anayeiona kwa macho. Hata wewe." Akagusa jani la ule ulionyimwa. "Huu haujalalamika. Sasa, iko mimea inayonyamaza kwa sababu imejipanga ndani, ina akiba yake, itafika. Na iko inayonyamaza mpaka inakufa imesimama. Kwa nje ni sawasawa. Kazi yetu yote ni kujua huu ni upi kati ya hiyo."

"Na 'hujamwambia bado'? Huo nao ni mmea?"

Nilisema hivyo nikimtazama machoni, bila mashine. Alivua miwani akaanza kuifuta na shati, na hajui kufuta, huwa anaipaka mafuta zaidi.

"Huo ni Daktari. Wote tunaotumia programu tunaweza kuandikiana humohumo, na kwangu yanafika kwa jina moja. Wamenichukua, Miwani. Taasisi kubwa, mbali, ng'ambo. Wana mimea mingi na mashine ambazo hapa hatuna. Wanataka niende na Mwandani. Miaka miwili. Nimeshakubali. Naondoka mwezi ujao."

Nilisikia kipoza hewa kikinguruma. Nikasikia maji yakidondoka mahali.

"Umekubali lini?"

"Kabla sijawaambia wazee wangu waje kwenu."

"Kwa hiyo ulitaka niseme ndiyo kwanza, halafu ndiyo unieleze nimekubali nini."

"Mama yako aliapa. Mtu wa safari havuki kizingiti. Ningesema mapema, nisingevuka."

"Ukavuka umejifunika."

"Nilitaka niwe na jibu lako mkononi! Nikishakuwa nalo, nilidhani nitakuwa na nguvu ya kusema."

"Jibu la swali lingine!" Sauti yangu ilipanda, sikujali nani anasikia. "Majani, jana nilikuigeuzia simu ukiwa umeweka kidevu. Nikazipiga picha jumbe zako. Nilikuwa mwizi kwenye duka langu mwenyewe. Dada yangu alipokea simu ya mumewe akakuta mwanamke. Mimi nimepekua nikakuta mtama, nikacheka kwa furaha kama mwendawazimu, halafu mama akanionyesha mstari wa mwisho. Unajua kipi kimeniuma? Kwamba Daktari anajua, ile mashine inajua, na mimi ndiye niliyebaki kuangalia majani."

Alinyamaza.

"Unaona?" nikasema. "Unanyamaza. Umekaa na mimea mpaka umekuwa mmoja wao. Mimi nitakujuaje? Mimi sina programu ya kukusoma. Nina masikio mawili tu. Usiposema, nitakushuku mpaka nizeeke, na sitaki kuzeeka hivyo."

"Nisemeje?"

"Sitakufundisha. Mama ndiye mwalimu, si mimi."

Nilisimama. Alinitazama, miwani mkononi, macho yale ya rangi ya chai yamejaa maji. Nilitamani kumshika shavu. Niseme wazi: nilitamani sana. Niliushika mkoba wangu, nikatoka.

Njia nzima niliishika simu mkononi, na haikutetemeka. Nikafika nyumbani. Mama alikuwa anapanga vikombe vya wageni mezani, akivihesabia wazee wa watu wasiojulikana kama watakuja. Nikamweleza yote, la safari, la miaka miwili, la kiapo chake. Alisikiliza akifuta kikombe kilekile.

"Kwa hiyo alinikimbia mimi," akasema.

"Alikukimbia wewe, na akanikimbia mimi."

"Na Jumamosi?"

"Sijui, mama. Nampenda. Lakini sijui."

Ndipo simu ikatetemeka. Nikaitazama, nikaikabidhi kwa mama bila neno, maana machozi yalinizuia kuona. Alivaa miwani. Hakusoma kwa sauti ya darasani safari hii.

"*Kwa nje niko sawa. Kwa ndani naumia. Nilikuficha safari kwa sababu niliogopa kukukosa, na kwa kukuficha nimekaribia kukukosa. Kesho nitaisema mwenyewe mbele ya mama, kabla wazee hawajafungua mdomo. Akinifukuza nitatoka. Ila wewe sijakuuliza, na nakuuliza leo: utanisubiri?*"

Mama akachukua kalamu yake nyekundu. Akausoma ujumbe tangu mwanzo, ncha ya kalamu ikitembea hewani juu ya kila neno. Akarudia. Nilimsubiri. Najua mama anavyosoma akitafuta mahali pa kumwangusha mtu.

Akaifunga kalamu.

"Hakuna kosa," akasema. Akarudi kwenye vikombe vyake, akaongeza kimoja. "Sasa mjibu, mwanangu. Na simu yake kesho aiweke uso juu."